Chuo cha Kiganjani

Nakuru, 9 Januari 2024

Dada yangu Tamar,

Bwana asifiwe. Huku tu wazima, ila kifua cha Maurine kimeanza tena na baridi hii. Anakusalimu sana. Watoto wamefungua shule jana, nyumba imenyamaza. Mama je? Mkono wa kushoto umepata nguvu hata kidogo, ama ni vilevile tangu kiharusi? Na maji yale ya Novemba, yamewaachia chochote shambani? Msalimie, mwambie mwanawe anamkumbuka.

Utashangaa kupata barua ya karatasi zama hizi. Nimeandika kwa sababu kila nikikupigia simu nikakuuliza masomo yanaendeleaje, unajibu, "Vizuri," halafu unampa Mama simu. Safari hii nataka zaidi ya "vizuri". Baraza la chuo chetu limeniagiza niandike ripoti: katika njia zote tunazofundishia mtandaoni, ipi inamfaa mwanafunzi na ipi inamwumiza. Kuna darasa la moja kwa moja, mwalimu na wanafunzi wakiwa mtandaoni saa ileile. Kuna video zilizorekodiwa. Kuna makundi ya WhatsApp. Na kuna ile wiki moja ya kukutana ana kwa ana. Mimi ni mkuu wa idara, takwimu ninazo za kujaza debe, lakini haziniambii mtu wa Kulesa anasomaje. Wewe unajua.

Niandikie ukweli, usinionee haya kwa kuwa mimi ni kakako. Unakumbuka mwaka 2021 nilivyokuambia huna haja ya kwenda popote, chuo kitakufuata kiganjani? Sasa umebakiza miezi tu. Julai utavaa joho, na mimi ndiye nitakayesoma jina lako jukwaani.

Jibu lako liache ofisi ya basi pale Garsen, litanifikia.

Kakako,
Barnabas


Kulesa, 2 Februari 2024

Kaka Barnabas,

Nimepokea barua yako, ilikaa Garsen siku tisa kabla sijapata nafasi ya kwenda. Mpe wifi pole ya kifua. Mama yuko. Anakula uji na ndizi za kupondwa. Mkono ni uleule. Maneno yake ni machache, lakini yanayotoka yanaeleweka. Shamba la chini mto ulilichukua lote, na vijiti vya mpaka pia, kwa hiyo sasa tunabishana na jirani shamba letu lilianzia wapi. Tumepanda upya.

Umetaka ukweli kuhusu masomo. Basi.

Video ndizo zilizonifaa. Mwalimu wa video hana haraka. Mama akitaka kugeuzwa, namsimamisha mwalimu mdomo ukiwa wazi, namgeuza Mama, nafua shuka, naanika, nikirudi bado ananingoja mdomo wazi. Neno nisilolielewa namrudisha hata mara tano, wala hakunji uso. Ubaya wake ni kwamba hajibu. Alipofundisha kuhusu watoto wasiosikia, alisema tutawatambua kwa urahisi. Katika darasa langu la chekechea kulikuwa na msichana aliyekuwa hageuki nikimwita. Nilimdhania mkaidi, nikamwadhibu mara mbili. Muhula ulikwisha ndipo nikajua ni masikio. Hilo linanisumbua mpaka leo, na video haina mtu wa kuambiwa.

Darasa la moja kwa moja mlilipanga saa kumi jioni, saa ya kumwogesha Mama. Nilikuwa namwacha na jirani, naenda kusimama pale barabara ilipoinuka, maana nyumbani netiweki ni ya kuotea. Nasikia, "Jambo kubwa kuliko yote ni," halafu kimya, halafu, "Mmeelewa?" Wenzangu wa mijini wanaandika ndiyo. Na mimi naandika ndiyo. Lakini darasa hilo nisiliponde lote. Siku moja mwalimu alinitaja, nikasoma jibu langu mbele ya watu mia na kitu, akasema, "Tamar, hilo ni jibu la mwalimu." Nilirudi nyumbani nikitembea kama bibi harusi. Video haiwezi kukufanyia hivyo.

Kundi la WhatsApp ni soko. Huko ndiko nilikompata Sadia, wa upande wa Chara, tukawa tunasomeshana kwa sauti, yeye kurasa zake, mimi zangu. Vitabu viwili tulivimaliza hivyo. Lakini ndimo majibu ya mazoezi yanamopitishwa kama karanga, na mtu anapata alama asizojua zimetoka wapi.

Ile wiki ya ana kwa ana pale Garsen ilinifunza kuliko mwaka mzima wa simu. Tulifinyanga udongo, tukaimba, tukakosea, tukasahihishwa papo hapo. Mwalimu alikuwa akipita nyuma yangu na kunyamaza, nami nikajua kunyamaza kwake kuna maana gani. Ubaya ni kwamba mwenye mgonjwa hawezi kutoka kila siku. Mimi niliweza kwa sababu shangazi alikuja kulala na Mama. Sasa shangazi naye miguu imemwisha. Ungeniuliza nichague, ningetaka video za mwaka mzima na wiki nne za namna ile.

Kuhusu mtihani sina la kuandika.

Mama anakusalimu.

Tamar


Nakuru, 26 Februari 2024

Dada Tamar,

Amani iwe nanyi. Sisi hatujambo, kifua cha Maurine kimetulia. Barua yako nimemsomea, tumecheka sana juu ya mwalimu wa mdomo wazi, halafu tulipofika kwa yule msichana tukaacha kucheka. Asante. Nimeinakili karibu yote kwenye ripoti, bila jina lako. Sijawahi kuandikiwa jambo la maana hivi na mwanafunzi yeyote.

Ila umeruka mtihani, na ndio unaouliziwa na baraza kila kikao. Nikuambie siri: mtihani wa kamera ni kazi ya mikono yangu. Kabla yake watu walikuwa wakifanyiwa mitihani na binamu zao sebuleni, na waajiri walikuwa wakivitazama vyeti vyetu kwa jicho la upande. Mimi ndiye niliyeandika ile sheria, kwamba mtahiniwa akitoweka mbele ya kamera mara mbili matokeo yake yanafutwa. Walinipinga. Nilisimama nayo. Leo cheti chetu kinaheshimiwa, na chako kitaheshimiwa.

Kwa hiyo niandikie hata mistari miwili. Ulikuwaje kwako?

Kakako,
Barnabas


Kulesa, 30 Machi 2024

Kaka Barnabas,

Kesho ni Pasaka, muwe na Pasaka njema. Mama alishikwa na homa wiki mbili, nikampeleka hospitali ya Ngao, amerudi, anaendelea vizuri. Mvua imeanza mapema na watu wanautazama mto.

Kuhusu mtihani waulize waliomaliza.

Mimi sifundishi tena. Tangu Januari shule imechukua mwalimu mwenye diploma. Mzee Job, mwenyekiti wa shule, alikuja mwenyewe kuniambia, akakaa nje muda mrefu akizungumzia mbegu za mpunga kabla ya kulisema. Nauza ndizi Garsen, Jumatano na Jumamosi.

Usinipigie simu juu ya jambo hili. Kwa simu wewe unasema sana, na mimi nabaki kuitikia.

Tamar


Nakuru, 19 Mei 2024

Tamar, dada yangu,

Natumaini barua hii itawakuta salama na maji haya. Nimesikia barabara ya Garsen imekatika tena na watu wamehamia mahali pa juu. Jilo, yule fundi wa baiskeli, amenihakikishia kwa simu kwamba nyinyi mlitoka mapema na Mama yu mkavu. Nimemshukuru Mungu.

Ningeweza kusingizia mafuriko kwamba ndiyo yaliyochelewesha barua hii. Si kweli. Barua yako ilifika tarehe nane Aprili, na siku hiyohiyo nilifungua daftari la mtihani wa Novemba. Nilitafuta jina lako. Pembeni yake pameandikwa: ametoweka mbele ya kamera dakika ya arobaini na moja, ametoweka mbele ya kamera dakika ya hamsini na nane, matokeo yamefutwa. Chini yake: rufaa imepokelewa, rufaa imekataliwa.

Tamar, aliyekataa rufaa hiyo ni mimi. Mwishoni mwa Novemba waliniletea orodha ya rufaa sitini. Ilikuwa ni nambari tupu, bila majina. Mwenzangu akaniuliza, "Utazisoma, mkuu?" Nikamwambia, "Kila mmoja atasema netiweki. Tukimfungulia mmoja tumewafungulia wote." Nikatia sahihi moja chini ya orodha, na mashine ikawaandikia watu sitini barua. Sikufungua hata moja. Nilikuwa na kikao saa nne.

Sasa nimeifungua ya kwako. Kurasa mbili. Nilifika kwenye neno "Mama" katika mstari wa tatu, nikashindwa kuendelea siku hiyo. Niliendelea kesho yake.

Na kuna jingine, nalisema kwa kuwa nimeanza. Mwaka 2021 ulipopata nafasi ya chuo cha bweni Mombasa, nilikuambia masomo ya mtandaoni ni bora kuliko bweni. Nilikupa sababu kumi. Sababu yenyewe haikuwa mojawapo. Kama ungekwenda bweni, Mama angekuja kwangu. Maurine alikuwa tayari, alikwisha hata kuondoa vitu katika chumba cha chini. Mimi ndiye niliyeogopa. Nyumba, kazi, shuka, harufu. Nikakuuzia chuo cha kiganjani ili ubaki.

Najua pole haijazi kitu hapa. Naweza kulifungua faili lako wiki hii na kulirekebisha. Niambie tu.

Barnabas


Kulesa, 11 Juni 2024

Kaka Barnabas,

Tumerudi nyumbani juzi. Tope limejaa mpaka dirishani lakini ukuta umesimama. Mama tulimbeba na kitanda chake. Hajambo. Wifi na watoto nawasalimu.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Nikueleze ilivyokuwa, maana ile ya rufaa niliiandika kwa adabu na hii sitaki iwe na adabu.

Tarehe kumi na sita Novemba netiweki ilikuwa nzuri kuliko siku zote. Ndiyo maana nilicheka uliposema kila mtu atasingizia netiweki. Nilikaa mlangoni, simu nimeiegemeza kwenye sufuria. Maswali nilikuwa nayajua. Mama alikuwa amelala nyuma yangu. Akaita maji. Nikasema, "Mama, ngoja kidogo." Akaita tena. Nikainuka, nikampa, nikarudi. Simu imeandika kwa herufi nyekundu kwamba hilo ni onyo la kwanza. Nikaendelea. Nilikuwa kwenye swali la mwisho kabisa, la kumtambua mtoto mwenye shida ya kusikia, nami jibu lake nilikuwa nalo kwa uchungu. Nikasikia kishindo. Mama ameteleza kitandani, uso umegusa sakafu, na upande wake hai ndio ulio chini, hawezi kujiinua. Akasema, "Tamar, andika tu." Hivyo ndivyo alivyosema, kaka. Andika tu.

Sikuandika.

Sasa nikuambie jambo ambalo wewe hulijui. Ile barua ya kunikataa, mashine iliiandika, lakini chini yake pana jina lako kamili na sahihi yako, ile yenye mkia mrefu. Ilinifikia tarehe nne Desemba. Mimi sikujua habari ya orodha wala nambari. Nilijua kitu kimoja: nimemweleza kakangu kwamba mama yetu ameanguka, na kakangu amejibu kwamba sababu haitoshi.

Miezi sita nimekaa na hilo. Uliponipigia Krismasi ukaniuliza masomo, nilidhani unanipima. Barua yako ya Januari, ya joho na jukwaa, niliiona ni dhihaka. Nilikujibu yote yale ya video na WhatsApp nikingoja uliseme mwenyewe. Nilipofika kwenye mtihani nikaacha wazi ili upajaze. Badala yake ukaniandikia kwamba sheria ni yako na unajivunia.

Sijui lipi ni afadhali, kwamba uliisoma ukakataa, au kwamba hukuisoma. Nilidhani nikijua ukweli nitapumua. Sijapumua bado.

Ya Mombasa nilikuwa nayajua. Wifi aliniambia mwaka uleule. Nilikunyamazia kwa sababu na mimi niliogopa kwenda, nikajificha nyuma ya sababu zako kumi. Hilo ni langu, silikubebeshi.

Faili langu usilifungue peke yake. Ukimrekebishia dadako ukawaacha wale hamsini na tisa, nitakirudisha cheti hicho kwa basi. Zisome zote. Wewe mwenyewe, si mwenzako, si mashine.

Halafu njoo. Simaanishi siku mbili za kupiga picha na Mama. Njoo ukae.

Tamar


Kulesa, 17 Agosti 2024

Dada Tamar,

Natumaini huko kwenye mafunzo Malindi hamjambo, na kwamba mabweni yana hewa. Mama hajambo. Tangu tuhamie hapa kumwuguza, Maurine ndiye anayejua zaidi yangu. Mimi Mama bado hajaizoea mikono yangu. Nikimgeuza anashika ukingo wa kitanda, kama mtu aliye kwenye mtumbwi na mpiga kasia asiyemwamini. Jana nilimmwagia uji kifuani. Nilikuwa nimejiandaa kuambiwa, na hakusema kitu.

Umeniuliza kwa mkato baraza lilisemaje, nikakujibu kwa mkato. Urefu wake ni huu. Nilizisoma zote sitini, zikanichukua wiki tatu. Kumi na saba walidanganya, hilo nalisema. Waliobaki walisema kweli, na wachache sana kati yao walitaja netiweki. Nililipelekea baraza barua zenyewe badala ya ripoti. Walibishana siku mbili. Sheria imeondolewa, kuanzia sasa mtihani wa mwisho ni wa ana kwa ana, vituoni, na kabla yake mafunzo ya wiki mbili, kama hayo uliyo nayo. Nimeomba niondolewe ukuu wa idara. Wamekubali haraka kuliko nilivyotarajia.

Lakini kati ya wale arobaini na watatu, waliokubali kurudi ni ishirini na sita tu. Wengine simu zao hazipo tena. Mmoja alifariki katika uzazi. Wengine walisikiliza mpaka mwisho, wakashukuru, wakakata.

Mmoja alikuwa huku kwetu, nyuma ya Garsen, mbugani. Dabaso jina lake, Muorma, alikuwa akiwafundisha watoto wadogo wa wafugaji. Simu yake haikuwa ikipatikana, kwa hiyo Alhamisi nilimwachia Maurine zamu, nikachukua bodaboda kwenda kumtafuta. Nilimkuta anawanywesha ng'ombe. Ni kijana kuliko nilivyodhani. Rufaa yake ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote, mstari mmoja: "Niliondoka mbele ya kamera kwa sababu maji yaliingia na watoto walikuwa wamelala chini."

Nikajitambulisha. Nikamwambia nimekuja kumpa nafasi afanye mtihani upya, gari jingine la Malindi linaondoka Jumatatu. Akanikaribisha, mkewe akatuletea chai ya maziwa. Akasema, "Karibu, mwalimu. Umekuja mbali." Nikamwambia, "Nimekuja kukuomba radhi." Akasema hakuna neno, ya Mungu ni mengi. Wale watoto, akasema, wazazi wao walihama na mifugo baada ya maji, kila mmoja upande wake. Hana tena darasa. Diploma ingemfaa nini sasa?

Nikambembeleza. Nikamwambia madarasa yapo kwingine. Akatikisa kichwa, kwa upole. Halafu akaniuliza, "Ile barua yangu, mwalimu, mliisoma?"

Nikamwambia, "Niliisoma mwezi wa sita."

Akasema, "Nilikuwa nimeandika ndefu. Nikaona nyinyi watu wa ofisi mna kazi nyingi, mtachoka. Nikaipunguza, nikaipunguza, mpaka ikabaki ile, nikasema sasa hii hata mtu mwenye haraka ataisoma."

Nilikunywa chai yake nikaimaliza, akanisindikiza mpaka kwenye pikipiki, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia nimsalimie mama yangu.

Nimemsalimia.

Usiharakishe kurudi. Mtihani ukiisha, pumzika hata siku tatu, utembee. Sisi tupo.

Barnabas